Mama wa Jukwaani

Sumbawanga,
Jumatatu, 15 Januari

Dada yangu Josefina,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, na nikitaja magoti nauliza kwanza lile lako la kushoto, kama limekubali dawa ya kuchua niliyokutumia kabla ya Noeli au bado linakusumbua ukipanda kutoka mwaloni kwenye mitumbwi. Na dagaa wanakauka kweli na mvua hizi, au mnashinda mkiwaanika na kuwaanua? Poleni. Sisi huku hatujambo. Baridi ipo, matope yapo, cherehani inafanya kazi ikijisikia. Anjela wako ni mzima, mashavu yamejaa kidogo, na anakusalimia sana. Hajui kwamba nakuandikia, lakini kila siku husema nikusalimie, kwa hiyo salamu hizi ni zake halali.

Utajiuliza kwa nini barua katika zama hizi za simu. Dada, simu inayoshika mtandao hapo Wampembe ni ya shemeji Maximilian, na tangu ndugu yake, marehemu mumeo, atutoke, yeye ndiye anayejibu kila kitu kwa niaba yako. Nikikupigia anaweka sauti kubwa, anavuta kigoda, anakaa. Haya ya leo hayafai kupita kwenye masikio yake kabla ya yako. Barua nitampa Cornelia mchuuzi mkononi, kwa kuwa kesho anashuka kuchukua dagaa, nami nitaishona bahasha kwa uzi mweusi, mishono ya kurudi nyuma kama ninavyoshona mifuko ya suruali. Ukikuta uzi umekatwa ujue imesomwa. Cornelia simdhanii vibaya. Lakini uzi nitashona.

Unanijua mimi, dada. Hata padri akinisalimia mara mbili kwa siku moja najiuliza anataka nini. Basi tangu mwezi wa kumi nimekuwa na ya kujiuliza mengi kuliko kawaida, na yote yalianza na ule mchezo wa kuimba.

Nilikudokeza kwamba kwaya yetu ya akina mama ilitaka kufanya jambo kubwa. Tuna mwalimu, anaitwa Kristiana, anafundisha fasihi sekondari, mwanamke mrefu anayevaa viatu vya kiume na kutembea kama anayechelewa. Yeye akasema tumechoka kucheza habari za mwana mpotevu, tucheze hadithi ya Wagiriki wa kale. Paroko aliuliza kama kuna miungu ndani yake. Kristiana akamjibu kwamba kuna wakubwa wa zamani tu. Hapo hapo mimi nikamwangalia mara mbili, maana mtu anayeweza kumjibu paroko hivyo bila kupepesa macho anaweza kukujibu lolote.

Hadithi yenyewe ni hii. Kulikuwa na mama wa nafaka, jina lake Demeta. Alikuwa na binti mmoja, Persefone. Siku moja binti anachuma maua, ardhi ikapasuka, akatoka Hade, mwenye utajiri wote wa chini, akambeba akashuka naye. Mama akatafuta kila mahali. Alipojua alikopelekwa, hakwenda kulia kwa mtu. Akasusa. Akakataza mbegu zisiote, mahindi yasitoke, mpaka wakubwa wote wakaona njaa ikawafikia wao pia, wakaamuru binti arudishwe. Lakini kule chini binti alikuwa ameonja punje chache za tunda la komamanga, na aliyekula chakula cha kule amekwisha kuwa wa kule. Ndiyo maana kila mwaka anarudi kwa mumewe miezi kadhaa, na miezi hiyo shamba halioti kitu.

Kristiana alidhani atatueleza sana hapo kwenye tunda. Wala hakuhitaji. Akina mama waliguna wote pamoja, na mmoja akasema kumbe hata Wagiriki walikuwa na firigisi. Unakumbuka alivyotufundisha bibi yetu. Watu wakimtaka binti yako hawasemi. Wanakualika, wanakupikia kuku mzima, wanakuwekea firigisi juu, peke yake. Hutaki, unarudisha kifuniko, mnaongea habari za mvua na hakuna aliyekasirika. Ukiila, umefungua mlango, na kinachofuata ni jembe la posa mbele ya ukoo. Kristiana alifurahi akaandika kwenye daftari lake. Komamanga hakuna aliyeliona huku, kwa hiyo akasema Persefone wetu atakula suku, tunda letu la porini, maana ndio msimu wake na kila mtu analijua.

Sheria nyingine aliyoiweka ni kwamba hakuna mwanamume atakayepanda jukwaani. Wakubwa wote, wapiga ngoma wote, hata Hade mwenyewe, wawe wanawake. Hade akapewa Hellena, yule binti wa Mzee Maganga wa kule bondeni, Msukuma, anayeshona cherehani ya pili kwenye baraza langu. Ana sauti nene na mabega. Demeta nikapewa mimi. Na Persefone akapewa Anjela.

Kwa nini Anjela? Yeye si mwanakwaya wa akina mama, ni msichana aliyemaliza kidato cha sita anasubiri chuo. Nilimuuliza Kristiana. Alisema Anjela anafika noti ya juu bila kukunja uso, na kwamba alitaka mtoto anayeweza kuniita mama bila kuigiza. Maneno mazuri. Nami sipendi maneno mazuri yakija haraka. Lakini nakiri, dada, kwamba yalinikaa moyoni, nikaenda nayo nyumbani na kuyafikiria wakati naosha vyombo.

Ukumbi wa parokia ulikuwa unaezekwa upya, hivyo tukawa hatuna pa kufanyia mazoezi. Akajitokeza Mzee Leonsi, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye ghala lile kubwa njia ya kwenda Chala. Mahindi yalikuwa yamekwisha kutoka, ghala tupu, akasema tulitumie. Hakutaka chochote. Ni mgane wa miaka kama hamsini, hana mtoto, anaishi na dada yake Epifania. Mtu mpole. Alikuwa anafungua mlango, anaturuhusu kuingia, anaondoka. Siku ya pili tulikuta viti. Siku ya tatu, viti na chupa ya chai. Hajawahi kumsalimia Anjela peke yake, hajawahi hata kumtazama zaidi ya anavyotutazama sisi wengine, na hilo ndilo lililonitia shaka, kwa kuwa sisi wengine hatutazamiki sana.

Mazoezi yalikuwa matamu, nisikudanganye. Kuna wimbo ninaoimba nikimtafuta mwanangu, naita jina lake mara tatu, na akina mama wanaitikia kutoka pande zote za ghala kwa kayamba. Kristiana alitukataza kulia. Alisema mama huyu haombi, anadai, na sauti yake itoke tumboni. Wanawake wazima wenye wajukuu tulisimama pale tukapiga miguu chini mpaka vumbi la mahindi likatuingia puani. Sijawahi kujiona mkubwa hivyo.

Sasa nikuambie niliyoyaona, moja baada ya jingine.

Mwanzoni mwa Desemba Hellena alikuja mazoezini na koti la Hade. Koti la kijivu, zito, la mtu wa heshima. Kila mtu akasifu. Mimi nikaomba kulishika, nikafunua ndani, nikakuta bitana ya zambarau. Dada, bitana ile niliitia mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kijivu ilikuwa imekwisha dukani. Lilikuwa koti la Leonsi. Nilimuuliza Hellena amelipata wapi, akasema ameazima, basi, akaendelea kufunga vifungo. Tangu lini Hellena anaazima nguo kwa Leonsi? Anaingia kwake kwa mlango gani? Kuanzia hapo nikawa namwangalia.

Na nikaona. Anjela na Hellena walikuwa na minong'ono. Nikitoka kununua vifungo, nikirudi, mazungumzo yamekatika na mashine zote mbili zinaenda kwa kasi. Anjela akawa anachelewa ghalani na Kristiana eti kurudia noti, na noti zake zilikuwa nzuri toka siku ya kwanza. Nikitokea, wote watatu wanatabasamu. Nikasema moyoni, hawa wamemuuza mtoto wa dada yangu. Kristiana amepewa ghala, Hellena amepewa njia, na mimi ndiye wa mwisho kujua.

Halafu akaja Epifania mwenyewe na kitambaa cha gauni, kizuri, rangi ya maziwa. Alisema ni la ndugu yao wa Kirando. Akanipa karatasi ya vipimo. Nikaisoma mara mbili. Bega la kulia sawa, bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Unalijua bega hilo kuliko mimi, maana ni wewe uliyekuwa naye siku alipoanguka kwenye mawe ya mwaloni akiwa na miaka sita. Hakuna ndugu wa Kirando mwenye bega lile. Daftari langu la vipimo lilikuwa mezani, na anayekaa karibu na meza yangu ni Hellena. Sikuuliza. Nikapokea kitambaa, nikaanza kukata.

Utaniuliza kwa nini nilipokea. Ngoja, nitafika.

Siku hiyo hiyo nilikupigia, ukumbuke, tukazungumza habari za Noeli. Kabla sijakuita wewe, shemeji Maximilian aliniuliza Mzee Leonsi hajambo. Mimi sijawahi kumtajia jina hilo. Nilijibu hajambo, nikaomba niongee nawe, na tulipomaliza nikakaa na simu mkononi nikiona jinsi uzi ulivyopita kutoka ghala la mahindi mpaka pwani ya ziwa bila mtu yeyote kunionyesha mkono ulioushika.

Jumamosi hii iliyopita uvumilivu ulinishinda. Anjela alikwenda kusuka nywele kwa ajili ya mchezo, nikafungua mkoba wake. Najua si vizuri. Nilitegemea kukuta pete au barua ya mwanamume. Nilikuta barua ya chuo cha uuguzi cha Mbeya. Amekubaliwa, dada. Wanafungua mwezi wa tatu. Na kwenye nakala ya fomu, pale pa kuandika mtu wa karibu wa kuwasiliana naye, ameandika jina lako, na chini yake, badala ya langu, ameandika la Hellena. Kumbe ile minong'ono ilikuwa ya fomu. Hellena, ambaye mwenyewe aliozwa kwa ng'ombe akiwa na miaka kumi na sita na akatoka huko na kovu na ufundi wa cherehani, ndiye aliyekuwa anamsindikiza Anjela kupiga picha na kupeleka karatasi. Mimi ninayempikia miaka saba sikuambiwa. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nilikasirika, halafu hasira ikageuka kuwa kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama.

Jana, Jumapili, baada ya misa ya pili, tulicheza. Ukumbi mpya ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Leonsi na Epifania walikaa mstari wa mbele, Epifania amevaa kitenge kipya. Akina mama waliimba kama waliotumwa. Hellena alipotoka chini na koti lile, waliosimama madirishani walirudi nyuma hatua moja. Nilipoita jina la mwanangu mara tatu, kuna mwanamke nyuma aliyeitikia bila kujijua. Nilikuwa juu, dada. Nilisahau kwamba nina miguu inayouma.

Ikafika sehemu ya mwisho. Persefone ametoka chini, mkubwa wa wakubwa anamuuliza kama ameonja chakula cha kule. Hapo Anjela alipaswa kuonyesha suku lililoumwa na kuimba kwamba ameonja kidogo tu. Hakuimba hivyo. Alilitoa suku, zima, halina hata alama ya jino, akaliinua watu wote walione. Akaimba kwa sauti ya wimbo wangu, ule wa kuita, kwamba yeye hakuonja, hakula, muulizeni aliyekula. Kisha akatembea polepole mpaka nilipo, akaushika mkono wangu, akalitia suku kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

Watu walipiga makofi. Walidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa. Mimi wimbo wangu wa mwisho ulinitoka kichwani wote. Nilitazama pembeni kwa Kristiana anitajie neno la kwanza, naye alikuwa amesimama na daftari limefungwa, ananitazama tu. Nikamtazama Hellena. Naye hivyo hivyo. Wapiga ngoma waliendelea, nami nikasimama katikati ya jukwaa na tunda mkononi mpaka pazia likavutwa.

Sasa nimefika, dada. Kaa chini kama umesimama.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi, juma la pili la mazoezi. Epifania aliniita nikampimie mapazia. Leonsi hakuwepo. Nyumba ina dari, ina zulia, nikakalishwa kwenye kiti kizuri na siyo kile cha mafundi. Akaniita Mama Anjela. Nilijua ni namna ya kuongea tu, watu wa mjini wengi wananiita hivyo, nami sijawahi kumsahihisha mtu. Akaleta ugali wa ulezi na bakuli lenye kifuniko. Nikafunua. Kuku mzima, na firigisi juu yake, peke yake, imegeuzwa upande wangu.

Nilijua, Josefina. Sitakudanganya kwamba sikujua. Kifuniko kilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto. Kilichotakiwa ni kukirudisha tu.

Lakini fikiria nimekula kuku wangapi maishani mwangu. Nyumbani kwa baba nilikula mabawa. Kwa mume wangu firigisi ilikuwa yake, na alipokufa bila kuniachia mtoto, kuku nikaacha kuchinja, mtu mmoja anachinja kuku wa nini. Kwako pia, kila Noeli, ninyi wenye watoto mnakaa upande ule na mimi nasaidia kupakua. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniwekea firigisi mbele yangu na kusubiri neno langu kama mama wa mtu. Nikaitazama. Nikaona wivu niliokuwa nao juu yako miaka yote hii, dada, na ninaona aibu kuliandika neno hilo lakini ndilo lenyewe. Nikaweka kifuniko pembeni. Nikala. Niliomba hata chumvi. Kisha tukapima mapazia.

Nilipotoka pale nikajiambia ni chakula tu, siku hizi nani anafuata mambo ya bibi. Na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kutafuta mtu mwingine aliyemuuza Anjela. Nilimtaka awe Kristiana. Nilimtaka sana awe Hellena. Kama ningempata mwizi wa daftari la vipimo, basi mimi nisingekuwa kitu, ningekuwa mtu aliyekula kuku. Ndiyo maana nilipokea kitambaa cha gauni bila kuuliza. Kuuliza kungejibiwa.

Nyuma ya pazia jana Hellena alivua koti akalikunja vizuri, akaniambia yote bila kupandisha sauti. Alikwenda kwa Epifania kuomba koti, mbele ya watu, kwa mlango wa mbele. Epifania kwa furaha akamwambia mambo yamekamilika, Mama Anjela alikula na akaomba chumvi, na shemeji wa Wampembe ameshapewa taarifa. Vipimo Epifania alivichukua kwenye nguo ya Persefone iliyokuwa inaning'inia ghalani. Hellena akamwambia Anjela, Anjela akamwambia Kristiana, na ule mwisho wa mchezo waliufanyia mazoezi watatu bila mimi. Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa sahihi. Walikuwa wananificha jambo. Walikuwa wananificha kwamba wananijua.

Nilimuuliza Anjela kwa nini hakuniambia nyumbani. Alisema alisubiri mwezi mzima niseme mwenyewe. Alisema hana ugomvi na Mzee Leonsi, ni mtu mwema aliyefuata taratibu, na kwamba yeye hatatoroka wala kujificha kama mwizi, kwa sababu hajaiba. Anachotaka ni chuo, na anataka neno litoke kwa mama yake. Alisema mama yake, dada, na hakuwa ananitazama mimi.

Basi sikiliza. Alhamisi watu wa Leonsi wanashuka Wampembe na jembe, kama barabara ya mteremko haijakatika. Maximilian anawasubiri, na naamini hajakuambia kwa makusudi. Wakiliweka jembe chini, usiliguse. Ukiligusa kwa heshima tu, kwa kuwa ni wageni na wamechoka, Anjela hana chuo tena. Mbele yao wote, na mbele ya Maximilian, sema kwamba aliyekula si mama wa binti huyu, kwamba aliyekula hakuzaa. Sema kwa sauti ile ninayoimba nayo, itoke tumboni. Usinionee huruma ukalainisha. Ukisema nilikosea tu, au nilielewa vibaya, watasema mama mdogo naye ni mama, na mlango utabaki wazi. Lazima uniondoe kabisa. Kisha toa kuku jike mzima, mpe Cornelia aniletee. Nitambeba mwenyewe kwapani, nitapita naye sokoni mchana, nimrudishe kwa Epifania mlangoni, kila mtu aone ni nani anayerudisha.

Lile gauni la rangi ya maziwa nimelifumua leo asubuhi, mshono kwa mshono, nimepiga pasi vipande vyote. Kitambaa kitarudi pamoja na kuku. Hellena alinisaidia upande wa mikono.

Nisalimie watoto wa jirani, nisalimie mama yule anayekohoa kama bado yupo nasi, na Maximilian mpe salamu za kumtosha. Goti lichue asubuhi kabla hujakanyaga maji baridi. Anjela ameingia sasa hivi kutoka sokoni. Ameona naandika, hakuuliza naandika nini, ameniwekea chai karibu na mkono. Tangu jana haniiti tena mama. Ananiita mama mdogo, kwa adabu zote, na chai ameitia sukari ninavyopenda. Barua zangu zote nilizoea kutia sahihi Mama Anjela wa Sumbawanga, nawe ulikuwa unacheka tu. Asante kwa kucheka miaka yote hiyo.

Nabaki kuwa mdogo wako,
Fortunata,
mama mdogo wa Anjela.